Ndizi Hizi Haziuzwi

"Niambie basi, umekuwa wa ngapi?"

Leonardi aliuliza hata salamu hajamaliza. Winfrida alikuwa amesimama nyuma ya bweni la wasichana, simu sikioni, anaangalia ziwa kule chini Kibirizi ambako wanawake walikuwa wanageuza dagaa mchangani. Matokeo ya semista ya kwanza yalikuwa yamebandikwa asubuhi ile. C, C, C, B moja ya huruma, na C nyingine ya kufungia kazi. Hakuwa na sapu ya mtihani wa kurudia, hakufukuzwa chuo, wala hakuna aliyemcheka. Alikuwa amepita tu. Kwa msichana aliyezoea kushika namba moja tangu darasa la tatu, kupita tu kulimuuma kuliko kufeli.

Tena kulikuwa na jambo ambalo Leonardi hakulijua. Chuoni hakuna wa ngapi. Kila mtu anapewa alama zake na kuondoka nazo kimya kimya. Lakini kwao Kalinzi mwanafunzi anaulizwa swali hilo hilo moja, awe wa chekechea au wa uuguzi, na asipolijibu watu wanajua kuna namna.

"Nimefaulu," alisema.

"Hilo najua. Wa kwanza?"

Winfrida akanyamaza. Alikuwa anatafuta pa kuanzia, anatafuta maneno ya kumwambia mwanaume anayempenda kwamba yule Winfrida wa namba moja amebaki Kalinzi. Upande wa pili upepo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ulikuwa unapiga maturubai, na Leonardi akausikia ule ukimya akautafsiri alivyotaka. Kutafsiri ndiyo iliyokuwa kazi yake. Shirika lilimwajiri kambini kwa sababu Muha akiongea Kiha chake, Mrundi anamwelewa bila shida.

"Nilijua. Nilijua tu," alisema huku anacheka. "Ngoja nimpigie mama."

Simu ikakatika. Winfrida angeweza kumpigia pale pale akasahihisha, salio alikuwa nalo. Akaiweka simu mfukoni, akakaa juu ya jiwe mpaka kengele ya chakula ilipogonga, na hakwenda kula.

Ili msimlaumu bure, lazima niwaambie alivyofika kwenye hizo C.

Ulikuwa mwaka ule Warundi walipokuwa wanavuka. Meli zilikuwa zinawashusha bandarini, wanalazwa uwanja wa mpira, kisha mabasi yanawapeleka kambini. Mji mzima ulikuwa na habari yao mdomoni, wengine kwa huruma, wengine kwa kukereka. Siku ya kwanza ya masomo kila mwanafunzi aliambiwa asimame ajitambulishe. Winfrida akasimama, akataja jina lake na kijiji chake, Kiswahili chake kimejaa Kiha kama kilivyokuwa siku zote. Kutoka viti vya nyuma mtu akauliza huyu kashuka na meli ipi. Darasa zima likacheka.

Kicheko kile kiliisha kabla mwalimu hajageuka. Kwa Winfrida hakikuisha. Tangu siku ile akaufunga mdomo. Kwenye diskasheni alikaa pembeni, baadaye akaacha kwenda. Alichokielewa hakukisema, asichokielewa hakukiuliza. Ulipofika mtihani wa vitendo, akasimama mbele ya mgonjwa huku mkufunzi anamtazama, akitakiwa kusalimia, kujitambulisha na kueleza anachotaka kufanya. Alikijua chote. Akakinong'ona. Mkufunzi akamwambia apaze sauti, naye akazidi kunong'ona.

Alikuwa mpweke, jamani. Upweke wa kukaa na wenzako watatu chumba kimoja na jioni ukagundua hujasema neno tangu asubuhi. Hakuwa na mama, alifariki yeye akiwa mdogo. Aliyekuwa naye ni Mama Veneranda, mama yake Leonardi, aliyemsuka nywele kabla hata mwanawe hajamtazama kwa jicho la uchumba. Siku Leonardi alipokwenda kujitambulisha kwa wazee, Winfrida alilia, na nusu ya machozi yale yalikuwa ya kumpata yule mama.

Sasa Mama Veneranda alipopigiwa simu kwamba mkwe wake amekuwa wa kwanza chuo kizima, mnadhani alikaa? Jumapili ile habari ikatangazwa baada ya misa. Jumatatu akakata mkungu wa ndizi mbivu, akafunga kuku miguu, akapanga vyote kwenye kapu kubwa na kupanda pikipiki kushuka mjini, bila kumwambia mtu. Alitaka kumshtua binti yake.

Akamshtua kweli.

Winfrida alikuwa anatoka darasani na kundi la wenzake. Kati yao alikuwemo Ummy, mtoto wa Ujiji wanayelala naye chumba kimoja, msichana wa maneno mengi na Kiswahili kinachoteleza. Pale langoni Winfrida akamwona Mama Veneranda amesimama kwa kitenge chake cha kanisani, vumbi la njia nzima limemkaa usoni, kapu miguuni.

"Mwakeye, mwana wanje," mama alimwamkia mwanawe kwa Kiha, kwa sauti ya mlimani, ile ya kuitana shamba kwa shamba.

Wanafunzi wakageuka. Mmoja akaguna. Ummy akamgusa Winfrida kiwiko.

"Shoga, huyu anakuita wewe? Unamjua?"

Winfrida alisikia masikio yanawaka moto. Akasema neno ambalo hakujua lilikuwa limekaa wapi ndani yake.

"Hapana. Ni hawa wa kambini, wanapita wanauza ndizi."

Akamgeukia mama. "Shikamoo, mama. Leo hatununui."

Mama Veneranda Kiswahili anakijua vizuri tu. Alimtazama Winfrida usoni kwa kitambo, na Winfrida akatazama viatu vyake mwenyewe. Kisha mama akainama, akafunika kapu kwa kanga.

"Ndizi hizi haziuzwi, wanangu," aliwaambia wale wengine kwa upole. Akajitwisha kapu na kuondoka.

Kule kwao kapu la zawadi halirudi tupu. Anayepokea hutia chochote humo, hata chumvi. Likirudi limejaa vile vile lilivyokwenda, kila aliye njiani anaelewa kwamba mtu amekataliwa. Na mama alipanda nalo mlima mchana kweupe, kuku analia, wakati Kalinzi nzima ilikuwa inajua alikuwa ameenda kwa nani.

Jioni ujumbe wa Leonardi ukaingia.

"Mama amerudi na kapu lake. Nimemuuliza mara tatu ndiyo akasema. Usinipigie."

Winfrida akapiga. Haikupokelewa. Akaandika: "Leonardi, naomba unisikilize." Hakujibiwa. Akaandika tena kesho yake, na wiki iliyofuata akaandika neno moja, "Samahani", akaliona limesomwa, basi. Semista ya pili ikaanza hivyo. Alikuwa anaamka, anavaa sare, anakwenda darasani, anarudi, anageukia ukuta. Hata kulia aliona hana haki.

Ummy ndiye aliyemkuta. Alirudi chumbani kuchukua shuka la kufanyia mazoezi ya vitendo, akamwona mwenzake amekaa sakafuni na simu mkononi, kioo kimeshazima.

"We Winfrida, umefiwa?"

"Yule mama wa ndizi," Winfrida alisema. "Ni mama mkwe wangu."

Ummy akakaa kitandani. Winfrida akaeleza yote, kwa lafudhi yake ile ile, hakuwa na nguvu za kuificha. Za matokeo, za simu, za langoni. Alipomaliza Ummy hakufanya mzaha, na kwa Ummy hilo lilikuwa jambo kubwa.

"Siku ile ya kwanza na mimi nilicheka," alisema baadaye. "Tena nilicheka sana. Na bibi yangu mzaa mama alitoka ng'ambo kule Kongo na mwana mgongoni. Ujiji nzima sisi tumetoka ng'ambo, usituone tunajidai."

"Nifanye nini, Ummy?"

"Mimi sijui. Lakini hapo sakafuni mama mkwe hakufuati mara ya pili."

Jumamosi alfajiri Winfrida akapanda pikipiki kwenda Kalinzi. Ilikuwa karibu na Pasaka, baridi ya mlimani inauma, mikahawa imelowa umande. Akashuka mbali na nyumba makusudi, apite njia ya kati ambako watu wote wangemwona. Walimwona, na salamu zao zilikuwa fupi.

Mama Veneranda alikuwa shambani, anang'oa majani chini ya mikahawa.

"Mwakeye, mama," Winfrida alisema kwa sauti.

Mama akaitikia bila kuinuka. Winfrida akavua viatu, akapiga magoti mstari wa pili, naye akaanza kung'oa. Akayasema yote kwa Kiha, huku mikono inafanya kazi. Kwamba hakuwa wa kwanza. Kwamba alipata C karibu zote. Kwamba alinyamaza kwenye simu, na langoni akasema alichosema kwa sababu aliogopa kuchekwa.

Mama akanyoosha mgongo.

"Hizo C, utaruhusiwa kuchoma watu sindano?"

"Nikiendelea hivi, ndiyo."

"Basi hizo ni zako, na mimi hazinihusu. Ila nikuulize. Ningekuwa mkimbizi kweli, nimevuka ziwa na kapu langu, ndiyo ungenifukuza vile?"

Winfrida aliacha kung'oa. Alilia pale pale chini, matope magotini, na mama akamwacha alie. Hakumkumbatia, lakini hakuondoka.

Walipofika nyumbani walimkuta Leonardi uani, amekuja likizo ya sikukuu. Alikuwa amekonda. Alipomwona Winfrida akaweka ndoo chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga.

"Sikukuita," alisema.

"Najua."

"Kutwa nzima naongea Kiha, lugha hiyo uliyoionea aibu, Winfrida. Naisikiliza kwa watu waliopoteza watoto njiani. Ndiyo inayonilisha. Wewe umeitumia kumtukania mama yangu."

"Ndiyo."

"Na habari za kuwa wa kwanza?"

"Nilikudanganya. Nilinyamaza makusudi, niendelee kuwa yule uliyempenda."

Leonardi akageuza uso. Kisha akauliza lile lililokuwa linamkosesha usingizi.

"Siku ile ningekuwa mimi nimesimama pale langoni na kapu, ungewaambia mimi ni nani?"

Uongo ulikuwa karibu sana, na ulikuwa mtamu. Winfrida akautazama, akauacha.

"Ningesema hivyo hivyo," alijibu. "Siku ile ningesema hivyo hivyo hata kwako."

"Na leo?"

"Leo nimekuja mwenyewe, nimepita njia ya kati. Zaidi ya hapo sina cha kukuapia."

Leonardi akaingia ndani. Winfrida akadhani yameisha. Akaanza kuvaa viatu, anajiona tayari yuko njiani kushuka peke yake, tena safari hii bila wa kumngoja popote.

Mama Veneranda akatoka jikoni na lile kapu. Lilikuwa na mkungu mpya.

"Kapu hili lilikataliwa," alisema. "Mimi silipeleki tena. Atalibeba aliyelikataa. Na wewe Leonardi, toka huko ndani ukamshushe na pikipiki. Ukimaliza kununa utanikuta hapa."

Walishuka mlima. Winfrida amepakata kapu katikati yao, hata mgongo wa Leonardi hakuugusa. Pikipiki ikasimama langoni, saa ambayo wanafunzi walikuwa wamejaa kivulini wakisubiri chakula. Leonardi hakuzima injini. Mguu mmoja ulikuwa chini, macho mbele, tayari kuondoka.

Winfrida akajitwisha kapu. Kabla hajafika mbali kijana mmoja wa darasani kwake akaita.

"Dada, ndizi bei gani?"

Wakacheka wachache. Simu ya Winfrida ikaita wakati huo huo, ilikuwa ni mama anauliza kama wamefika salama. Winfrida akasimama katikati ya uwanja, kapu kichwani, akapokea. Akaongea Kiha, kwa sauti ile ya kuitana shamba kwa shamba. Akamwambia mama wamefika, ndizi hazijapondeka, na kwamba kapu litarudi na dagaa wa Kibirizi. Alipokata simu kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Haziuzwi," alimjibu yule kijana. "Zimetoka kwa mama mkwe wangu. Ndiye yule mama mliyemwona langoni siku ile. Niliwadanganya."

Ummy akatoka kivulini, akashika upande mmoja wa kapu, akamsaidia kulitua.

Injini ikazimwa.

Winfrida akageuka. Leonardi alikuwa ameshuka kwenye pikipiki, amesimama pale pale mama yake aliposimama.

"Bado nina hasira," alisema.

"Kuwa nayo. Lakini usiniache, Leonardi. Sina mtu mwingine wa kuongea naye."

Leonardi akatazama wale wanafunzi, akatazama bweni, akatazama Ummy ambaye alikuwa ameshaanza kula ndizi bila kukaribishwa. Nadhani ndipo alipoelewa semista ile ilikuwaje.

"Sitakuuliza tena umekuwa wa ngapi," alisema.

"Utaniuliza nini?"

Hakumjibu pale. Alimshika mkono kidogo, akarudi kwenye pikipiki. Jibu lilikuja jioni, kwa ujumbe, na likawa linakuja kila jioni mpaka mwaka ukaisha na mahari ikapelekwa:

"Leo umeongea na nani?"

Siku ile ya kwanza Winfrida alikaa juu ya jiwe lake nyuma ya bweni, akafikiri, akaandika: "Na mama. Na wewe. Na darasa zima."