Mbegu Mama na Programu Iliyonyamaza

Mlango wa chumba baridi ulikutwa wazi Jumatatu asubuhi, na rafu ya juu ilikuwa tupu.

Mwizi hakugusa pesa wala kompyuta. Alibeba bahasha zote za mbegu mama, zile ambazo Ushirika wa Punje Njema, nje kidogo ya mji wa Kitale, ulizitumia kuzalisha mahindi yake ya chotara. Bila mbegu mama hakuna chotara, na bila chotara ushirika ule ungebaki kibao cha rangi kwenye lango.

Inspekta Jepkemboi alisimama mlangoni akakunja uso. Chumba baridi hakikuwa baridi hata kidogo. Magunia ya mbegu nyingine yalikuwa yametoka jasho, na hewa ilinuka kama nguo zilizosahaulika ndani ya beseni. Mlango ulikuwa wazi tangu Jumapili, watu walipokuwa kanisani, na aliyeuacha hivyo hakujali.

Alama za vidole zilipatikana za kila mfanyakazi, kwa hiyo hazikusaidia kitu. Kilichoonekana kusaidia ni mlango wenyewe. Ulifunguliwa kwa kadi, na kila ulipofunguliwa, kompyuta ya ofisini iliandika kadi ilikuwa ya nani na ilikuwa saa ngapi. Meneja Kigen, mwanamume mtanashati mwenye sauti ya upole, alimwonyesha Inspekta mstari mmoja kwenye skrini. Jumapili, saa za ibada. Kadi ya Dinah Wahu.

Dinah ndiye aliyekuwa mtunza mbegu. Mbegu mama zile alikuwa amezichagua kwa mikono yake mwenyewe, msimu baada ya msimu.

"Na kama mtu aliubadilisha mstari huu?" Jepkemboi akauliza.

Kigen alitabasamu. Hilo lilikuwa limefikiriwa. Kila saa, nakala ya mistari mipya ya faili ile ilitumwa Bungoma kwa fundi aliyeutengeneza mfumo. Kukiwa na shaka, nakala mbili zinalinganishwa. Akamwita karani wa kompyuta, Roselyne, ambaye aliiomba nakala ya Bungoma, akaandika amri kwenye skrini nyeusi: jina la programu, Linganisha, kisha agizo la kuonyesha kila tofauti, kisha majina ya zile faili mbili. Akabonyeza. Programu haikusema kitu.

"Ikinyamaza, ziko sawa," Roselyne akaeleza. "Haina maneno mingi."

Basi Dinah akawekwa ndani.

Asubuhi hiyo Mbogo, mkuu wake Jepkemboi, alikuwa amemwambia achunguze kila kitu, asiache hata punje. Kufika mchana, wakubwa wa ushirika walikuwa wamepiga simu kwa wakubwa wengine, na Mbogo naye akapiga yake. Faili ifungwe leo. Kesho mwanamke yule afikishwe kortini. Jepkemboi alijibu "Ndiyo, afande," kama alivyojibu miaka yote. Neno la mwisho la mkubwa ndilo neno. Lakini safari hii, kabla ya kuifunga faili, akaenda kumwona mshukiwa.

Dinah alikuwa ameketi wima kwenye benchi, mikono mapajani, kama anayesubiri zamu yake kliniki.

"Kadi yako iko wapi?"

"Mliichukua hapo mbele. Ilikuwa shingoni mwangu."

"Jumapili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Ng'ombe alikuwa anazaa."

"Nani alikuona?"

"Ng'ombe."

Jepkemboi alijikuna pua ili asicheke. Akamweleza kwamba meneja ameleta ujumbe. Dinah akikiri na kuomba msamaha, ushirika hautamshtaki. Atapoteza kazi tu.

"Mwambie akae na msamaha wake," Dinah akasema. "Siwezi kuomba msamaha kwa kitu sijafanya. Nifungeni."

"Utafungwa kweli, mama. Mlango umekutaja."

"Basi mlango uje kortini, tuulizane."

Alisema bila kupandisha sauti, akageuza macho ukutani. Jepkemboi aliinuka kwenda zake. Akiwa kwenye kizingiti, akataja kama jambo la kupita kwamba mlango ulishinda wazi na magunia yametoka jasho.

Dinah alisimama. "Yote? Hata ya rafu za chini? Nani amefunga? Mtu amewasha mashine ya baridi?"

Na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa hasira, huku akijifuta kwa kiganja, akisema kwamba leo, leo hii, alikuwa azipime zote. Kulikuwa na harufu ya unyevu mle ndani. Alikuwa amemwambia meneja kwamba Jumatatu atatandaza punje za kila bahasha kwenye karatasi yenye maji aone zipi zinaota.

"Ulimwambia lini?"

"Ijumaa jioni. Akasema sawa."

Jepkemboi alibaki ameshika komeo. Kwamba mwanamke huyu anaweza kuiba, hilo aliweza kulikubali, maana amewahi kumkamata hata mzee wa kanisa. Lakini kwamba anaweza kuacha mlango ule wazi, hapana. Hilo lilimkataa kabisa.

Akarudi Punje Njema. Kigen alikuwa ametoka, na Roselyne alikuwa peke yake na chai yake.

"Una faili gani nyingine humo?" Inspekta akauliza. "Yoyote, isiyo ya kazi."

Roselyne aliona haya. Alikuwa na maneno ya wimbo wa kwaya, aliyachapa wakati wa mapumziko.

"Linganisha faili ya mlango na wimbo wa kwaya."

"Si hizo haziwezi kuwa sawa, afande."

"Linganisha tu."

Roselyne akaandika amri ileile aliyofundishwa, akabonyeza. Programu ikanyamaza. Akarudia polepole, akikagua kila herufi. Kimya.

"Ati mlango wetu na kwaya ni kitu moja," akasema, na chai ikapoa mkononi mwake.

Jepkemboi alinakili faili zote mbili za mlango, pamoja na programu yenyewe na kila kilichoandamana nayo, akaziweka kwenye bahasha ya vielelezo. Akawasha gari kuelekea Bungoma.

Fundi aliitwa Kiplimo, kijana wa miteremko ya Elgon, na ofisi yake ilikuwa juu ya duka la pembejeo, ikinukia dawa ya kupe. Alipoona kitambulisho cha polisi alisimama, akampa mgeni kiti pekee kilichokuwepo.

Jepkemboi hakuzunguka. Alimweleza habari ya kwaya. Kiplimo alifungua vielelezo, akasoma, akashika kichwa.

"Shida ni nini?"

"Imepewa maagizo mawili, mama. Roselyne ameiambia ionyeshe kila tofauti. Lakini hapa, kwa mipangilio ya meneja, kuna agizo lingine. Inaambiwa ikae kimya, hata ikiona tofauti."

"Hayo yanapingana."

"Yanapingana, ndiyo."

"Na programu yako ikipewa yanayopingana inafanya nini?"

"Inafuata la mwisho. Na nilifanya ya meneja ndiyo yasomwe mwisho, maana yeye ndiye mkubwa."

"Haikatai? Haiulizi?"

Kiplimo alitazama sakafu. "Mama, nyumbani kwetu baba akisema lete maji, halafu aseme acha maji leta kiti, unaleta kiti. Huwezi kumwambia baba, umesema mambo mbili. Nikatengeneza programu hivyo hivyo. Niliona ni adabu."

Jepkemboi hakumcheka. Angemcheka vipi? Yeye mwenyewe alikuwa amelelewa hivyo, akafanya kazi hivyo, na kwa adabu hiyo hiyo mtu asiye na hatia alikuwa kwenye benchi la selo akisubiri asubuhi. Alijisikia vibaya sana.

"Nani alikuuliza jinsi ya kuinyamazisha?"

"Meneja Kigen. Alinipigia Jumamosi. Akasema inamjazia maneno kwa skrini, inamsumbua."

"Uko tayari kuandika taarifa na kuweka sahihi?"

"Niko tayari."

Simu ya Jepkemboi ikalia. Ilikuwa Mbogo, na hakusalimu. Alitaka kujua kwa nini faili haijafungwa na yeye anatafuta nini Bungoma. Jepkemboi alihisi ile "Ndiyo, afande" ikipanda yenyewe kutoka tumboni, imezoea njia. Akaimeza.

"Afande, asubuhi umeniambia nichunguze kila kitu. Mchana umeniambia nifunge. Siwezi kufanya yote mawili."

"Fanya nililosema mwisho."

"Hapana, afande. Chagua moja, uliandike, uweke jina lako chini. Mpaka hapo nafuata la kwanza."

"Unanijibu, Jepkemboi?"

"Nakujibu, ndiyo."

Amri ya kumpeleka mtu kortini bila ushahidi kukamilika si kitu ambacho mkubwa yeyote hupenda kukiandika na kukitia jina. Mwishowe Mbogo akanguruma kwamba kama atamwaibisha, atamhamishia mahali ambapo hata mbuzi hawapendi kukaa, kisha akakata.

Kiplimo alikuwa amekodoa macho. Jepkemboi akamwambia aondoe agizo la kimya na alinganishe upya, faili mbili za mlango, hapa mbele yake.

Safari hii programu ilisema. Ilikuwa tofauti moja tu, mstari mmoja wa Jumapili. Nakala ya Kitale ilimtaja Dinah Wahu. Nakala ya Bungoma, ambayo hakuna mkono uliowahi kuifikia, ilimtaja Kigen.

Inspekta na askari wawili walimkuta meneja ofisini kwake kabla jua halijazama, akifunga tai vizuri mbele ya dirisha. Jepkemboi alimsomea haki zake, akaweka karatasi mbili juu ya meza.

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Kanisani."

"Mahubiri yalihusu nini?"

"Nilikuwa nyuma. Sikusikia vizuri."

"Kadi yako ilikuwa kanisani pia?"

Kigen alisoma karatasi ya kwanza. Akasema kompyuta hukosea. Jepkemboi akamsogezea ya pili, taarifa ya Kiplimo yenye sahihi.

"Kwa nini uliinyamazisha programu Jumamosi, siku moja kabla ya wizi?"

Kigen aligeuza karatasi ile kifudifudi.

"Sitaki kujua umeuza kwa nani," Inspekta akasema. "Hukuuza. Anayeiba mbegu ili auze haachi nyingine zikioza. Hizo nazo zina soko. Wewe ulitaka za rafu ya juu zipotee kabla ya kupimwa, na zilizobaki zionekane zimeharibika siku hiyohiyo moja. Dinah angepima Jumatatu. Angekuta nini?"

Kigen alilegea kwenye kiti. Sauti ya upole ilimwishia, na iliyobaki ilikuwa ya mtu aliyechoka kuigiza.

"Angekuta zimekufa."

Akaanza kusema, na hakuhitaji kusukumwa tena. Transfoma ilipolipuka baada ya Krismasi, stima ilipotea kwa wiki kadhaa. Jenereta ilitakiwa kuunguruma usiku na mchana. Yeye aliiwasha asubuhi Dinah akiingia, akaizima jioni Dinah akitoka, na wikendi hakuiwasha kabisa. Alitaka matumizi ya dizeli yaonekane yamepungua. Na kweli yalipungua. Mkutanoni wanachama walimpigia makofi, wakamvisha shuka la heshima mabegani, na mwenyekiti akasema ushirika haujawahi kupata meneja kama yeye. Unyevu ulikuwa tayari umeingia kwenye bahasha.

"Ungewaambia."

"Wakiwa wamenivisha shuka? Ningesimama niseme nini?"

"Kwa hiyo Dinah afungwe ili shuka libaki mabegani mwako."

"Nilimtolea msamaha," Kigen akasema. "Angeukubali tu, hangefungwa. Yule mama ni mkaidi."

Jepkemboi alihisi hasira ikimpanda hadi masikioni. Aliuma meno, akauliza mbegu ziko wapi.

Zilikuwa kwa shemeji yake karibu na Mabanga, ndani ya pipa la bluu nyuma ya banda la kuku. Alikuwa amekusudia kuzichoma. Alizimwagia mafuta ya taa? Inspekta akauliza. Hapana. Alifika na kiberiti, akasimama pale, mkono ukakataa.

"Mimi ni mtoto wa mkulima," akasema. "Mbegu haichomwi."

Akainua mikono mwenyewe ili atiwe pingu.

Asubuhi Mbogo alikuja ofisini kwa Jepkemboi akiwa amevaa uso wa mtu ambaye tangu mwanzo alijua. Wakubwa wanataka ripoti, akasema. Iwe fupi, ukurasa mmoja, na isiache kitu chochote.

"Chagua moja, afande," Jepkemboi akasema.

Mbogo akageuka, akaenda kutafuta chai.

Dinah alitolewa kwa mlango wa mbele, kadi yake ikiwa shingoni tena. Mwenyekiti wa ushirika alikuwa kwenye ngazi, kofia mkononi, na Roselyne nyuma yake. Pipa la bluu lilikuwa juu ya pikapu. Dinah hakumsalimu mtu. Alipanda, akafunua kifuniko, akatia mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa bahasha moja, akaifungua na kuinusa.

"Nyingi zimekufa," akasema. "Si zote."

Mwenyekiti alianza kuomba radhi kwa maneno marefu. Alisema kazi yake ipo, mshahara wake upo, na kama angependa kupumzika kidogo kwanza, ushirika utaelewa.

Dinah alikunja bahasha, akairudisha mahali pake kwa uangalifu.

"Narudi kazini leo," akasema. "Na ufunguo wa jenereta ukae kwangu."

Mwenyekiti alisema hilo litajadiliwa na kamati.

Dinah alinyoosha mkono, kiganja juu, na hakuuteremsha mpaka alipowekewa ufunguo.