Mwizi Aliyevua Viatu

Kasha la kompyuta lilikuwa limelazwa ubavu juu ya meza, mfuniko wazi, nyaya zimetoka nje kama utumbo wa kuku. Mahali pa kadi ya michoro palikuwa na tundu tupu.

Inspekta Tuire Rautakoski aliinama kutazama, mikono mgongoni. Wizi wa mwisho aliouchunguza hapa mjini Kajaani ulikuwa wa mashua ya mpira, na ikaja kugundulika kwamba mashua ilichukuliwa na upepo. Alikuwa na hamu ya mwizi wa kweli, wala hakuona aibu kuwa nayo.

"Iliibiwa lini?"

"Nilipokwenda dukani," alijibu Oona Hietamäki, binti wa miaka kumi na tisa mwenye macho mekundu. "Narudi, nakuta mlango wa nyuma wazi, kadi niliyoiacha mezani hakuna."

"Ya bei mbaya?"

"Mtumba. Kompyuta hii naiunda mwenyewe, na kila kitu humu ni mtumba. Kasha nimelitoa gulioni, prosesa kaniuzia fundi magari, skrini ilitupwa na shule. Kadi ndiyo iliyonifanya niuze skuta yangu."

"Yote hayo kwa ajili ya gemu?" Koplo Sakari Moilanen alidakia. Alikuwa amebakiza kidogo astaafu, na aliona ana haki ya kudakia.

"Gemu baadaye. Hii ni ya kazi." Oona alielekeza kidole kwenye skrini. "Nimechora filamu ya katuni. Chuo wanaitaka kesho adhuhuri. Kompyuta yangu ya zamani ikianza kuigeuza video, inazima. Bila kadi hakuna filamu, na bila filamu mwaka wangu mzima umekwenda na maji."

Inspekta alimwonea huruma. Wakati huo aliingia Tauno Lyytinen, mume wa mama yake Oona, na birika la kahawa na sahani ya maandazi ya mdalasini. Mama mwenyewe, muuguzi, alikuwa zamu hospitalini. Tauno alikuwa fundi umeme mstaafu, mpana kama kabati.

"Ulikuwa wapi wakati wa tukio?" Inspekta alimuuliza, akichukua andazi.

"Bandani. Napasua kuni."

"Hukusikia mtu?"

"Shoka lina kelele."

"Kuni za nini?"

"Za sauna. Si Jumamosi leo?"

Jibu lilikuwa safi: kila Jumamosi mji mzima huwasha majiko ya sauna, bafu la mvuke. Inspekta alimaliza andazi, akatoka na Koplo wake hadi mlango wa nyuma. Theluji ilikuwa mpya, na nyayo zilionekana wazi: kutoka barabarani hadi mlangoni, kisha kurudi.

"Mwizi wetu ana mguu wa dubu, Afande," Moilanen alisema. "Nipige picha?"

"Piga. Kisha njoo uone hapa ndani."

Juu ya mkeka wa mlangoni palikuwa na alama mbili za maji, sambamba, ncha zikielekea ukutani. Kutoka hapo hadi chumbani kwa Oona, sakafu ya mbao ilikuwa kavu kama unga.

"Sakari, ungekuwa mwizi, ungevua viatu?"

Koplo alitazama mkeka. "Ningevua," alikiri. "Marehemu mama angenifufukia."

"Ndivyo tulivyo. Lakini ungevipanga hivi, kama watoto wa shule, nawe una haraka ya kukimbia?"

"Hapo sivyo."

"Basi huyu hakuwa na haraka. Alikuwa kwake."

Walitoka uani. Mtaa mzima ulikuwa ukifuka moshi wa sauna. Kila bomba la paa lilikuwa na mkia wake mweupe. Bomba la Tauno peke yake lilikuwa limenyamaza, na kuni zilizokwisha kupasuliwa zilikuwa zimerundikwa mlangoni pa sauna yake. Inspekta alivuka ua moja kwa moja.

"Afande, humo hamna kitu!" Tauno alikuja mbio juu ya theluji na soksi zake za sufu, Oona nyuma yake. "Ni jiko bovu tu!"

Lakini Inspekta alikwisha kuingia na kufungua mlango wa jiko la sauna. Humo alivuta mfuko wa mkate. Ndani yake, bila hata chembe ya jivu, ilikuwamo kadi ya michoro.

"Siku za mwizi arobaini," Moilanen alisema. "Huyu hata jioni hajafika."

Tauno aliketi kwenye benchi la chini, akajishika kichwa.

"Ni mimi."

"Tauno?" Oona alisimama mlangoni. "Kwa nini?"

"Miaka miwili nimekaa nanyi, hujawahi kuniomba hata chumvi. Juzi ukaniuliza, 'Tauno, wewe si unajua umeme?' Sikulala kwa furaha. Leo ulipotoka nikasema, nikufungie kadi, urudi ukute tayari." Alitazama soksi zake. "Nikapita juu ya zulia na sufu hizi, na ukavu huu wa majira ya baridi. Nikashika kasha, cheche ya umeme wa sufu ikaniuma kidole. Nikaifunga, nikawasha, skrini giza. Nikajua nimeiua. Fundi mzima!"

"Ukaona usingizie wizi," alisema Inspekta.

"Mwizi anasamehewa upesi kuliko baba wa kambo. Nyayo nilizitia mimi. Viatu, sikumbuki hata kama nilivua. Sikujua atapiga simu polisi, nilikuwa nangoja muondoke niendeshe hadi mji wa Oulu nikamnunulie nyingine."

Oona aliichukua kadi, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Na waya wake wa umeme uliuchomeka?"

"Waya gani? Si inachukua umeme kwenye ubao mkuu wa kompyuta?"

"Haiwezi, ubao peke yake hautoshi. Ina waya wake."

Tauno alijipiga kofi la paji la uso. Moilanen ndiye aliyeanza kucheka, na Oona akafuata hadi akashika ukuta.

"Fundi umeme kasahau umeme!"

"Ripoti niandikeje, Afande?" Koplo aliuliza, akifuta machozi.

"Mali imepatikana. Mshukiwa ameonywa vikali na kunyang'anywa maandazi yaliyobaki."

Walirudi chumbani wote wanne, maana Inspekta alitaka kuhakikisha. Oona aliisukuma kadi mahali pake hadi ikalia *ka!*, kisha akainamia kasha. Ndani mlikuwa na giza, na tundu la waya halikuonekana. Tauno alikuwa amebaki kizingitini, hathubutu kuingia.

"Tauno," Oona aliita bila kugeuka. "Nishikie tochi."

Tauno alivua soksi zake za sufu, akazipanga ukutani, akaingia pekupeku. Hakuizima tochi hata baada ya skrini kuwaka.