Chumba Kilichopambwa Bila Mwenyewe

Hakuna kitu kilichomuudhi Mama Mito kama mto uliolaliwa. Jina lenyewe alipewa kazini kwa sababu hiyo: kutwa yuko na mito, anaipiga, anainyoosha pembe, anaisimamisha, na ole wake mteja atakayeiegemea. Yeye ndiye aliyekuwa mpambaji wa duka la samani. Wengine wanauza, wengine wanabeba makabati, yeye anapanga vyumba vya maonyesho: sebule ya uongo, chumba cha kulala cha uongo, meza ya kulia yenye sahani ambazo hakuna atakayezilia. Sasa asubuhi hiyo, kabla wateja hawajafunguliwa mlango, akakuta mto wa kitanda kikubwa umebonyea katikati, shimo la kichwa kabisa, na alipoweka kiganja akahisi joto.

"Nani kalala hapa?" alifoka.

"Mama, mimi nalala kwenye kiti changu pale nje, tena usingizi wa kuibia," mlinzi alijitetea. "Kitandani kwako naanzaje?"

Wauzaji wakacheka. Mama Mito akaupiga ule mto makofi kama mtoto mkorofi, akaurudisha mahali pake, akaondoka anabwata.

Tusimlaumu mapema. Alikuwa na donge. Chama cha wenye maduka ya samani kilikuwa na mashindano ya duka lililopambwa vizuri kuliko yote, na mwaka uliopita duka lao lilishinda. Aliyepanda jukwaani ni Bosi. Aliyepigwa picha ni Bosi. Kombe likawekwa ofisini kwa Bosi, na huyo Bosi, niseme ukweli, hajui tofauti ya foronya na shuka. Mama Mito alimeza, likamkaa kooni. Safari hii alimbana Bosi mbele ya watu mpaka akakubali kwamba wakishinda, kombe atapokea aliyepamba.

Na kupamba alijua, hilo halina ubishi. Kila chumba alikipa mwenyewe. Aliwakusanya wauzaji akawaambia, "Mteja hanunui kitanda. Ananunua maisha ya mtu anayelala hapo. Haya, nani anakaa hapa?" Wakikosa jibu, anawatungia. Kwa chumba cha mashindano alimtunga bibi mmoja mtulivu, mwenye nafasi yake, asiyependa kelele, ambaye alichokosa duniani ni mtoto tu. Kwa hiyo ndani ya chumba kile alifungua mlango wa chumba kingine kidogo, akaweka kitanda cha mtoto, taa yenye mwanga wa maziwa, na nguo ndogo zilizokunjwa juu ya stuli. Chini ya kitanda kikubwa akapanga kandambili laini za ndani, mpya, hazijakanyaga kitu. Halafu kila asubuhi, ili wauzaji wauzoee ule uongo, alisimama mlangoni akasema kwa sauti, "Karibu, bibi. Nyumba yako tayari. Mtoto yuko njiani."

Kila asubuhi! Sasa wewe mtu mzima na akili zako unatandika nyumba isiyo na mtu, unaitia manukato, unaikaribisha kwa mdomo wako mwenyewe, unategemea aje nani?

Baada ya mto zikaja kandambili. Alizipanga zimeelekea kitandani, akazikuta zimeelekea chumba kidogo. Akazirudisha. Akageuka kunyoosha pazia, alipotazama tena zimeshageuka. Akamfokea muuzaji aliyekuwa karibu, wakagombana, muuzaji akalia. Kesho yake ikawa harufu: poda ya watoto wachanga, na chini ya ile poda kitu kama majivu yaliyomwagiwa maji. Mama Mito akafua mashuka, akafuta sakafu, akafungua madirisha, harufu ikakaa palepale kama imelipa kodi. Kiti cha kando ya dirisha nacho kila alipokipa kisogo kilisogea, na kila kiliposogea kilisogea upande wa kitanda cha mtoto. Akazungusha kamba chumba kizima na karatasi ya USIGUSE. Kamba akaikuta imekunjwa vizuri, imewekwa ndani ya droo.

"Unanichosha," Bosi alimwambia. "Majaji wiki hii hii, wewe unapigana na viti. Umezeeka au umechoka?"

"Bosi, kuna mtu anaharibu kazi yangu!"

"Basi mkamate."

Akarudi chumbani machozi ya hasira yanamlenga. Mwenzangu, hakuna kinachouma kama kupanga kitu mara kumi, na mara kumi ukute kimepanguliwa, halafu uulizwe wewe.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, wa darasa la kwanza. Shuleni na dukani walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Baba yake alikuwa dereva wa masafa marefu, nyumbani anaonekana kwa nadra, na bibi yake, mama yake baba, magoti hayamruhusu kumkimbiza mtoto wa namna ile. Hivyo shule ikitoka Chiriku alikuja dukani kumngoja mama yake, anawauliza wateja umri wao, anawaambia kitanda gani kinalia.

Wiki ile Chiriku akanyamaza. Mama yake, na vurugu zake za viti, hakuliona hilo mapema. Aliliona jua likiwa bado kali, wateja wamejaa mbele, alipopita na mzigo wa foronya akasikia mwanawe ananong'ona ndani ya chumba kidogo. Akachungulia. Chiriku amekaa kitandani, mikono mapajani, mgongo umenyooka.

"Unaongea na nani?"

"Siongei." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeambiwa nisipige kelele. Mama hapendi kelele."

"Mama gani? Mama yako si mimi hapa?"

Mtoto akamtazama kuanzia juu mpaka chini, taratibu, kama mteja anayetazama kochi ambalo hana mpango wa kulinunua. "Mama wa humu," akasema.

Mama Mito akamshika mkono amtoe, akitaka kumgombeza kwamba hizo ndizo hadithi za dukani zisizo na maana, na ndipo alipomgeuza kuelekea kwenye mwanga akaona kichwa cha mwanawe, kile kichwa alichokiacha asubuhi na mafundo mawili ya haraka haraka kwa sababu alikuwa anachelewa kazini, kimesukwa mistari myembamba kama nyuzi, imekaza, imenyooka kutoka utosini hadi shingoni, mtindo ambao yeye hajui kuusuka na hajawahi kuuona kwa mtu, na ile mistari inanuka poda, na alipoigusa kwa kidole ikawa na joto lilelile alilolihisi kwenye mto.

"Nani kakusuka?"

"Amesema wewe huna muda."

Hapo ndipo fundi sofa alipomkuta, amekaa sakafuni nje ya chumba kile, amemkumbatia mtoto. Fundi huyu alikuwa mzee wa makamo, mtu wa kushona vitambaa na kunyamaza. Aliingia ndani, akainama, akazichukua zile kandambili, akazigeuza. Zilikuwa mpya, hakuna mguu wa binadamu ulioziingia, lakini soli zimelika. Tena hazikulika zote. Kila moja ilikuwa na duara moja dogo, limechimbika, upana wa mdomo wa kikombe.

"Mguu gani huu?" Mama Mito alinong'ona.

"Huo si mguu," fundi akajibu. "Ni kwato. Inuka, twende kwa dada yangu."

Dada yake fundi alikuwa mganga anayekaa ghorofani, nyumba yenye televisheni inayopiga kelele na nguo za wajukuu barazani. Alisikiliza habari yote anakata kucha. Alipofika mahali pa ile karibu ya kila asubuhi, akaacha kukata.

"Hebu rudia. Unasemaje pale mlangoni?"

Mama Mito akarudia, macho chini. "Karibu, bibi. Nyumba yako tayari. Mtoto yuko njiani."

"Astaghafirullah! Na mtoto ukamleta?"

"Alikuwa ananisubiri tu nimalize kazi."

"Mwanangu, wenzako wakijenga nyumba wanaingia haraka, haikai tupu na taa zimewaka. Wewe umetandika, umefukiza, umeita, umeahidi. Huyu hajakuvamia. Amehamia kwa ruhusa." Mganga akapunguza televisheni. "Dawa yake siyo yangu, ni yako. Aliyetandika ndiye atandue. Rudi sasa hivi, ondoa kile kitanda kidogo kwanza, halafu kikubwa, usibakize hata pazia, na umwambie kwa mdomo uleule kwamba nyumba imevunjwa na mtoto ana mama yake."

"Sasa hivi?"

"Ulitaka nikupe miadi?"

Mama Mito akajitetea. "Majaji wanakuja kesho asubuhi, bibi. Wakipita tu, navunja. Hata uzi sitabakiza. Mtoto namwacha nyumbani na bibi yake, dukani hatatia mguu."

Fundi akamtazama dada yake. Mganga akauchukua mkasi wake tena. "Kombe," akasema. "Haya. Mimi sina la kukulazimisha. Lakini nani kakwambia huyo anataka kitanda?"

Natamani ningesimulia kwamba alirudi akavunja. Ukaidi huu! Mtu ameambiwa, ameonyeshwa, ameelezwa kama mtoto, na bado anapiga hesabu za kombe. Usiku ule alimfumua Chiriku mistari yote, mtoto akalia kimyakimya bila kutoa sauti, akamlaza ubavuni pake. Asubuhi akamwambia mama mkwe wake kwamba leo hakuna shule, mlango usifunguliwe kwa mtu yeyote.

"Mtu gani atakuja?" mama mkwe akauliza. "Na wewe unarudi saa ngapi?"

"Mapema, mama. Nikimaliza tu narudi."

Dukani siku hiyo mambo yalitulia. Mto umejaa, kiti mahali pake, kandambili zimeelekea kitandani, hata harufu haikuwepo. Mama Mito hakusema ile karibu yake ya kila asubuhi. Alisimama mbali na chumba, mikono ameifumbata, akawa anajipa moyo kwamba labda kimeondoka chenyewe, labda ilikuwa uchovu, na huku anajua anajidanganya.

Majaji wakaja, mama mmoja wa miwani na wanaume wawili wenye vibao vya kuandikia. Duka lao lilikuwa la mwisho kukaguliwa. Wakapita sebuleni, wakapita mezani, wakaingia kile chumba peke yao, maana ndio utaratibu, mpambaji habaki ndani. Walikaa humo muda mrefu. Walipotoka walikuwa wanatabasamu, na yule mama wa miwani akamwita Bosi kando wakanong'onezana, Bosi akaruka kama mpira.

"Mama Mito! Tumechukua! Njoo, njoo, wanakabidhi hapahapa, kombe liko kwenye gari!"

Wauzaji wakapiga vigelegele. Hata yule aliyelizwa akaja kumkumbatia. Mama Mito akajikuta anacheka, donge limeshuka, na akasema moyoni, sasa navunja, namaliza, naenda kwa mwanangu.

Jaji wa miwani akamshika mkono. "Nimekagua maduka mengi, lakini hili wazo lako ni la peke yake. Kumweka mwenye chumba ndani ya chumba! Yule bibi ametupokea vizuri, mpole, sauti ya chini. Ndiye aliyetumaliza."

Mama Mito akauchomoa mkono wake. "Bibi gani?"

"Si huyo mwenye nyumba? Akatuomba radhi kwamba hawezi kukaa na sisi, ameahidiwa mtoto, wamechelewa kumletea, kwa hiyo anamfuata mwenyewe." Jaji akacheka. "Mmelitunga vizuri sana."

Mama Mito hakukimbilia chumbani. Alitoa simu, akapiga nyumbani, na simu ikaita, ikaita, mpaka mama mkwe akapokea anahema.

"Mama! Mlango umefunga?"

"Nani huyu?"

"Mimi, mama, mimi! Mtoto yuko wapi?"

Mama mkwe akashusha sauti, kama mtu asiyetaka kusikika chumba cha pili. "Wewe unanitania? Mbona unanipigia simu na umo humu ndani? Si nimekufungulia mwenyewe sasa hivi? Umeniambia kazi imekwisha mapema, umeingia chumbani, unamvalisha mtoto viatu, mnatoka."

"Mama, mshike! Mshike mtoto, asitoke!"

"Unanitisha sasa..."

Nyuma ya mama mkwe mlango ukalia. Nyayo mbili za mtoto zikapita, na kando yake hatua nyingine nzito, kavu, zinagonga sakafu. Bosi alikuwa anakuja na kombe mkononi, watu wote wanapiga makofi, na Mama Mito, simu imemganda sikioni, akamsikia Chiriku anauliza:

"Mama, bibi anaongea na nani kwenye simu?"

Na sauti iliyomjibu ilikuwa sauti yake, Mama Mito, yake kabisa, ile ya kila asubuhi mlangoni.

"Hakuna mtu, mwanangu. Twende nyumbani."