Kura Tulizobadilishana

Foleni ya kuhakiki majina ya wapiga kura ilizunguka shule nzima na kutokea getini. Katika kusukumana mbele ya orodha, kiwiko cha mwanamume mmoja kiliacha doa la rangi ya buluu kwenye bega la gauni jeupe la muuguzi.

Mwanamume huyo alikuwa mchora mabango, mrefu, shati lake limetapakaa rangi za kila duka la mtaani. Watu walimwita Fundi Rangi. Aliomba radhi mara tatu, kisha akalichunguza doa.

"Hilo halitoki, Sista. Labda nimalizie gauni zima."

Muuguzi alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Alitoa namba yake ya simu, eti aletewe dawa ya kutolea rangi. Dawa haikuja. Simu zilikuja, kabla ya zamu na baada ya zamu, na mwezi haukuisha kabla hawajaanza kuitana mpenzi.

Jambo moja tu liliwatenganisha. Fundi alikuwa mtu wa Mwavuli, chama kikubwa cha upinzani. Baraza la mji, lililokuwa mikononi mwa chama cha Ufunguo, lilimbomolea kibanda chake cha kazi, naye alitaka Ufunguo waondoke kwa vyovyote vile. Sista alikuwa mtu wa Kengele, chama kidogo ambacho Fundi alisema wagombea wake wote wanaenea kwenye teksi moja na nafasi inabaki. Lakini mwaka uliopita mama mjamzito alimfia Sista mikononi kwa kukosa damu, na mgombea wa Kengele peke yake ndiye aliyekuja zahanati kuuliza sababu.

Fundi ndiye aliyeleta hesabu. Katika kata yake Ufunguo hushinda hata wakisimamisha kiti. Kura ya Mwavuli huko ni maji mchangani. Katika kata ya Sista, Mwavuli na Ufunguo walikuwa bega kwa bega. Kengele wao walitafuta jumla ya kura za mji mzima, wapate kiti kimoja cha nyongeza barazani.

"Wewe nipigie Mwavuli kwenu," alisema, "mimi nikupigie Kengele kwetu. Hapo nani kapoteza?"

Sista alikubali, na wiki nzima usingizi ukamkimbia.

Siku ya kura alisimama kwenye kizimba cha kupigia kura, kalamu imefungwa kwa kamba, Mwavuli wa kwanza kwenye karatasi. Alimkumbuka yule mama, jinsi alivyoomba afunikwe miguu. Mkono ukateremka wenyewe hadi Kengele, ukaweka alama ya vema.

Nje simu ilikuwa inaita. Fundi aliuliza kama tayari. Sista akasema tayari.

Mwavuli walishindwa katika kata ya Sista kwa kura tisa. Kesho yake, akitafuta angalau jambo moja la kumtuliza, Sista alivuka barabara kwenda kusoma matokeo yaliyobandikwa mlangoni mwa kituo cha Fundi. Kengele: sifuri. Alisoma tena kwa kidole. Kwanza alipata nafuu, kwamba hakuwa mwongo peke yake. Kisha akakasirika, maana hasira ni nyepesi kuibeba kuliko hatia.

"Nilipiga, mpenzi. Naapa," Fundi alisema kwenye simu.

"Basi karatasi imeimeza."

Alikata, na kwa wiki mbili hakupokea tena.

Ndipo akaja zahanati shangazi mmoja kupimwa presha. Alikuwa wakala wa chama kwenye kituo kile kile, na mdomo haukumtulia. Alisimulia kwamba kura moja ya Kengele ilikataliwa wakati wa kuhesabu kwa sababu mwenyewe aliandika jina chini yake, Fundi Rangi, herufi zimepigwa kivuli vizuri kama kwenye mabango ya maduka. Kura yenye jina huharibika, akaeleza, na akacheka mpaka kiti kikalia.

Sista alisahau namba za presha aliyoipima.

Mchana alimkuta Fundi barazani kwa seremala, akichora bango la saluni. Alimweleza alichosikia. Fundi aliutazama mkono wake wenye brashi.

"Mkono umezoea," alisema. "Kazi yoyote nikiimaliza, nasaini."

Alianza kucheka. Sista hakucheka.

"Mimi sikukupigia Mwavuli. Niliahidi, nikashindwa. Halafu nikakulaumu wewe."

Brashi ilidondosha rangi kwenye kiatu, Fundi asiione. Aliuliza walishindwa kwa ngapi.

"Tisa."

"Ingekuwa nane."

"Najua. Sijaja kwa sababu ya hesabu."

Fundi aliligeukia bango. "Nenda, Sista. Niachie hasira yangu mpaka Jumapili."

Siku hizo Sista alitembea na simu mfukoni mwa gauni, akiitoa kila ilipotetema. Jumamosi asubuhi alimkuta Fundi kwenye benchi la wagonjwa, shati limepigwa pasi, kadi ya foleni mkononi.

"Unaumwa nini?" alimuuliza, kama anavyowauliza wote.

"Jumapili iko mbali." Fundi alisimama. "Nataka kukuoa. Kura yako usiniahidi tena, nami sitakuahidi yangu. Ila ukishindwa jambo, niambie siku hiyo hiyo."

Benchi zima liligeuka kumtazama Sista.

"Mjibu basi," alisema yule shangazi wa presha. "Wengine tumetoka na njaa."

Sista alijibu ndiyo, akamwambia akae, kisha akaita namba inayofuata.