Dakika Sabini za Ubaoni

Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.

"Mafuta yamekwisha," rubani alisema.

"Haiwezekani!" Karani aliitazama saa yake. "Tumejaza ya dakika mia. Safari ni sabini!"

"Nani kasema sabini?"

Aliyesema ni huyo huyo karani. Ubao wa ofisi yake, pale kiwanja cha ndege, uliandikwa kwa mkono wake mwenyewe: kilomita mia mbili arobaini, dakika sabini. Watu walimwita Bwana Dakika, naye akavimba kichwa. Kumbe alipima ndege zinazokuja tu, zikisukumwa na upepo mgongoni. Zinazokwenda huupokea usoni, na yeye hakuwahi kupanda ndege kabla ya leo. Marubani wote hupiga hesabu zao wenyewe. Leo huyu, kwa haraka, hakupiga. Dada yake, ambaye ni mke wa karani, alikuwa amejifungua huko walikokuwa wakienda na damu haikatiki. Kati ya viti vyao lilikaa sanduku la barafu lenye mifuko minne ya damu.

Ndege ilipiga tumbo kwenye uwanda wa mawe, ikaserereka, bawa likang'oka. Vumbi lilipotua, karani alijipapasa mwili mzima, haamini kwamba bado yuko.

"Redio imekufa, chupa ya maji imepasuka," rubani alisema, akijifunga kitambaa kwenye jeraha la paji la uso. "Zimebaki kilomita thelathini."

"Dakika tisa," karani alijibu kwa mazoea. Aibu ikamshika papo hapo. "Shemeji, mimi ndiye niliyemuua dada yako."

"Maji yakimwagika hayazoleki. Shika sanduku, twende."

Walitembea jua likiwa mbele, likawa utosini, likahamia mgongoni. Viatu vya ofisini vya karani vilifumuka nyuzi. Sandukuni barafu iliyeyuka na kuchezacheza, na kila hatua aliisikia. Ulimi wake ulikuwa mkavu, umegandamana na kaakaa.

"Funda moja tu, shemeji."

"Maji hayo ndiyo yanayoipoza damu. Ukiyanywa, utampelekea nini mkeo?"

Saa moja baadaye rubani mwenyewe alipiga magoti, macho yamemlegea, mkono ukaenda kwenye kifuniko. Karani akakikalia.

"Nitukane ukipenda," alisema. "Hakifunguki."

Akamwinua, mkono mmoja kiunoni mwake, mwingine kwenye sanduku. Hakujua nguvu zile zilitoka wapi. Aliogopa hata kujiuliza. Waliendelea hivyo hadi walipofika barabara ya vumbi, na lori la kokoto likafunga breki mbele yao. Dereva aliwatazama kama watu waliotoka kaburini.

Hospitalini muuguzi alichomoa kipimajoto sandukuni. Karani aliushikilia ukuta.

"Nyuzijoto nane. Damu bado ni nzima. Lete haraka!"

Mfuko wa tatu ulipokuwa ukiisha, mkewe alifumbua macho. Aliiona miguu ya mumewe iliyochanika, na mdogo wake, yule rubani, amelala kitanda cha pili, dripu mkononi.

"Mbona umechelewa, baba?" alinong'ona. "Si ulisema dakika sabini?"

Karani alipiga magoti kando ya kitanda, akalia bila kuficha uso.

"Hizo nilizipima nimekaa kitini, mke wangu."