Kwanza Niambie Umesimama

Mama Pacha alikuwa na sauti ambayo madereva sita waliijua kuliko sauti za wake zao.

Kila asubuhi aliketi mezani kwake, katika ofisi ndogo ya kampuni ya kusambaza mitungi ya gesi. Kushoto kwake palikuwa na simu mbili za wateja. Kulia palikuwa na redio ya mawasiliano, ile unayobonyeza kitufe ndipo useme, na kukiachia ndipo usikie. Mbele yake lilikuwa daftari la oda. Simu ikilia, aliandika. Akimaliza kuandika, alibonyeza redio.

"Namba tatu, namba tatu. Mtungi mkubwa unatakiwa hotelini, mlango wa nyuma."

"Nimekupata, dada."

"Namba tano, mbona kimya? Umelala?"

"Silali, dada. Natafuna."

Namba saba alikuwa mume wake, Baba Pacha. Redioni hakuthubutu kumwita mke wangu. Alisema "Ofisi, ofisi," kama watu wasiojuana, na madereva wenzake walicheka mpaka basi.

Zikija habari za nyumbani, Mama Pacha aliiacha redio na kumpigia simu ya mkononi. Sabuni imeisha. Mapacha wametoka shule mapema. Baba Pacha alipokea papo hapo, simu ameibana kati ya sikio na bega, mkono mmoja kwenye usukani. Alikuwa ameendesha hivyo kwa miaka tisa.

"Mimi na gari hili ni damu damu," alipenda kusema.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, mvua ilikuwa imekatika na lami bado inang'aa. Mpishi wa shule alipiga simu akifoka. Gesi imekwisha. Maharage yako jikoni, nusu yameiva, nusu mabichi. Watoto mia tatu watakula nini?

Mama Pacha alibonyeza redio.

"Namba saba, namba saba. Uko wapi?"

"Ofisi, ndio naingia barabara ya soko."

"Umebakiwa na mitungi mingapi mikubwa?"

"Ngoja nitazame karatasi."

Alisikia karatasi ikichakarika.

"Miwili. Hapana, mita..."

Breki zililia. Kisha kishindo. Kisha redio ikakatika.

"Namba saba!" Kimya. "Namba saba, nijibu!" Kimya. "Baba Pacha! Baba wanangu, nijibu jamani!"

Madereva sita walikuwa wakisikia. Safari hii hakuna aliyecheka.

Ilipita dakika nzima. Kisha sauti ya mume wake ikaja, nyembamba kama ya mgonjwa.

"Nimegonga mtu."

Aliyegongwa alikuwa fundi viatu, mzee wa makamo, akivuka barabara kwenye alama za pundamilia. Alivunjika mguu chini ya goti. Askari wa usalama barabarani alifika, akapima barabara, akachukua leseni ya Baba Pacha.

"Ilikuwaje?" aliuliza askari.

"Alitokea ghafla, afande. Sikumwona."

Kesho yake mume na mke walikwenda hospitali kumjulia hali. Fundi viatu alikuwa amelala chali, mguu umefungwa plasta hadi gotini. Baba Pacha alisimama kando ya kitanda, kofia mkononi.

"Pole sana, mzee. Nisamehe. Ulitokea ghafla."

Fundi viatu alikunja uso.

"Ghafla? Mimi sikukimbia, mwanangu. Nilisimama ukingoni nikakutazama. Nawe ukanitazama. Macho kwa macho. Nikajisemea, huyu kaniona. Ndipo nikavuka."

Baba Pacha aliivaa kofia yake, wakaaga.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akitikisa kichwa. Walipofika mlangoni akasema, "Mke wangu, naapa sikumwona. Kwa nini yule mzee anasema uongo?"

"Haonekani mtu wa uongo."

"Kwa hiyo mwongo ni mimi?"

Mama Pacha aliingia jikoni. Siku tatu nyumba ilikuwa nzito. Chakula kililiwa nusu. Hata mapacha, wasichana wa miaka kumi ambao kwa kawaida hawafungi midomo, walizungumza kwa kunong'ona.

Jumamosi mchana mtu alibisha hodi. Alikuwa jirani yao wa ghorofa ya chini, mama mwenye mvi na viatu vya raba, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu. Alifundisha udereva, magari madogo na malori, kwa zaidi ya miaka ishirini.

"Nimesikia yaliyowapata. Poleni," alisema. Akaketi, akasikiliza habari yote bila kumkatiza mtu. Kisha akauliza, "Baba Pacha, ulipokuwa unamtazama yule mzee, ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa nahesabu mitungi."

"Aa," alisema Mwalimu. "Ninyi mapacha, hebu njooni. Nileteeni kanga au shuka za rangi mbalimbali. Na nyekundu iwemo."

Alimkalisha Baba Pacha akiutazama mlango wa korido.

"Mlango huo ndio barabara. Usiuondolee macho. Watoto watapita na nguo mabegani. Ukiona nyekundu, gonga meza."

Mapacha walipita na bluu, njano, nyekundu. Meza ikagongwa. Kijani, nyekundu. Meza ikagongwa.

"Umeona?" alisema Baba Pacha. "Macho yangu mazima."

"Mazima kabisa. Endelea kutazama. Lakini sasa nitajie watu uliowapelekea gesi Jumatatu. Anza na wa mwisho, urudi nyuma hadi wa kwanza."

"Wa mwisho alikuwa... yule wa mkate. Kabla yake, dobi. Hapana, kabla ya dobi kulikuwa na..."

Alitaja tisa. Macho yake hayakuondoka mlangoni. Aliigonga meza mara moja tu, tena nguo ilikuwa imekwishapita.

"Nyekundu zilikuwa ngapi?" aliuliza Mwalimu.

"Moja."

Mapacha waliangua kicheko.

"Tatu, baba!" alisema mmoja. "Na mimi nilisimama hapo mlangoni nikakutolea ulimi! Na wewe unanitazama tu!"

Baba Pacha aligeuka kumtazama mke wake. Mama Pacha aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameuona ulimi.

"Yule mzee hakusema uongo," alisema Mwalimu taratibu. "Wala wewe hukusema uongo. Ulimtazama, lakini hukumwona. Akili ilikuwa kwenye mitungi. Macho peke yake hayaendeshi gari."

"Lakini redio si simu, Mwalimu. Kampuni yenyewe ndiyo iliyotufungia magarini. Na mikono yangu..."

"Hata mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani, mazungumzo yanachukua akili. Kushika kifaa kunaongeza hatari, na kutazama karatasi ndiyo balaa kabisa. Kwa mwendo wa kilomita arobaini kwa saa, gari linakwenda mita kumi na moja kila sekunde. Ukiinamia karatasi sekunde tatu, umepita mita thelathini na zaidi kama kipofu. Hesabu mwenyewe, ni kutoka hapa hadi duka la pembeni."

"Mbona nikimpa mtu lifti naongea naye bila shida?"

"Abiria naye anaweza kukupotezea umakini. Ila akiona hatari atanyamaza, au atakupigia kelele. Mtu wa redioni haoni kitu. Anaendelea tu kuuliza."

Mama Pacha aliweka kikombe chini.

"Aliyekuwa anauliza ni mimi," alisema. "Nilimuuliza mitungi mingapi."

"Sikuja kumshtaki mtu," alisema Mwalimu. "Dereva ndiye mwenye usukani, anaweza kuacha kujibu. Lakini anayepiga naye anaweza kusubiri. Mkisaidiana, ni rahisi."

Siku iliyofuata Baba Pacha alirudi hospitali peke yake.

"Mzee, ulisema kweli," alimwambia fundi viatu. "Nilikutazama nisikuone. Nilikuwa nazungumza redioni, tena nasoma karatasi. Nimetoka kwa askari sasa hivi. Nimemweleza hivyo hivyo, na ameandika."

Fundi viatu alifumba macho, akashusha pumzi.

"Umenitua mzigo," alisema. "Nimekaa hapa siku hizi zote najiuliza kama nimeanza kuzeeka vibaya. Kama sijui tena kuvuka barabara."

Naye Mama Pacha, Jumatatu asubuhi, aliingia kwa meneja kabla hajavua koti.

"Bosi, nataka tuache kuzungumza na dereva ambaye gari lake linatembea."

Meneja alicheka kwanza. Alipoona mwenzake hacheki, aliacha.

"Redio tumeziweka ili tuwapate madereva. Sasa unataka tusiwapate?"

"Tutawapata wakiwa wamesimama. Mimi nitasema tu, 'Namba fulani, ukisimama niite.' Yeye hajibu. Akifika kwa mteja, au akipata mahali salama nje ya barabara, anasimama, anavuta breki ya mkono, ndipo ananiita. Na simu za mkononi zizimwe sauti, ziwekwe kwenye kisanduku cha mbele cha gari."

"Na mteja akifoka?"

"Anifokee mimi. Mimi nimekaa kwenye kiti, sigongi mtu."

Meneja alijikuna kidevu. Alisema wajaribu kwa wiki mbili.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Mama Pacha aliuma kucha. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kitufe, akaurudisha. Namba tano ndiye aliyekuwa mgumu kuzoea.

"Ofisi, nakusikia, sema."

"Kwanza niambie umesimama."

"Niko karibu kusimama."

"Karibu kusimama ni kutembea. Nakata."

Hata nyumbani mambo yalibadilika. Wakati huo Baba Pacha alikuwa akipakia mitungi ghalani, kwa kuwa hakuwa na leseni, lakini familia ilianza mapema kujizoeza. Hakuna kumpigia baba saa za kazi. Mapacha walikubali kuandika ujumbe ambao angeusoma mchana, ingawa ujumbe wenyewe ulikuwa mrefu kama barua ya mahakama.

Wiki mbili zilipoisha, meneja alifungua daftari la malalamiko. Alitarajia kulikuta limejaa. Wateja wawili walikuwa wamelalamika kuchelewa. Lakini wiki zile mbili hakuna mtungi hata mmoja uliopelekwa nyumba isiyo yake, jambo lililokuwa likitokea karibu kila siku. Dereva aliyesimama alisikia vizuri na kuandika vizuri. Meneja alilifunga daftari.

"Endeleeni," alisema.

Baada ya miezi miwili plasta ya fundi viatu ilifunguliwa. Alianza kutembea kwa gongo, kisha bila gongo, akarudi kwenye nyundo na nyuzi zake. Kesi ya Baba Pacha ilisikilizwa, akapewa adhabu, akaitumikia. Kisha akarudi barabarani na Mwalimu kwa mafunzo, kama mwanafunzi mpya. Alipofaulu, leseni yake ilirudishwa.

Wiki ya kwanza aliporudi kwenye gari namba saba, asubuhi moja mteja alipiga simu mara tatu kwa hasira. Mama Pacha alibonyeza kitufe.

"Namba saba, ukisimama niite."

Akaachia. Ikapita dakika moja. Mbili. Simu ya mteja ikalia tena. Dakika nne. Mama Pacha alikunja mikono yake na kuikalia, ili isimponyoke.

Hatimaye redio ilikwaruza.

"Ofisi, ofisi. Namba saba. Nimesimama, breki ya mkono nimevuta."

"Habari ya huko?"

"Nzuri, ila kidogo iwe mbaya. Mtu wa baiskeli, amebeba trei za mayai, ameteleza akaanguka mbele yangu. Lakini nilimwona tangu mbali akiyumba. Nikapunguza mwendo mapema. Nimesimama hatua tano kutoka kwake."

Mama Pacha alishika ukingo wa meza.

"Mtu je?"

"Mzima wa afya. Anatukana vizuri kabisa."

"Na mayai?"

"Mayai ndiyo marehemu."

Redio ililipuka kwa vicheko vya madereva kutoka kila upande wa mji, maana wakati huo karibu wote walikuwa wanashusha mitungi. Mama Pacha alicheka pia, huku akijifuta macho kwa kiganja.

"Sasa, ofisi," alisema mume wake, "nimetoa kalamu. Nipe anwani."

Mama Pacha aliisoma polepole. Naye aliirudia neno kwa neno.