Sindimba Haitembei

Mgeni aliingia akicheza. Hakupiga hodi. Alipita katikati ya kina mama waliokuwa wakifanya mazoezi uani kwa Mauwa, Mtoni, akajiunga na mstari, mabega yakimruka.

"We kaka, vipi?" Mauwa aliuliza.

"Nimesikia mdundiko, miguu ikanileta! Mie Marijani, mpiga ngoma wa Kigamboni. Bibi harusi yuko wapi?"

"Mdundiko? Hii sindimba!"

Marijani alicheka. Kisha akaona Mauwa hacheki.

Jumamosi binti yake Mauwa, Jenipher, angeolewa. Bibi yake Jenipher alikuwa njiani kutoka Newala. Mauwa, Mmakonde aliyezaliwa Temeke, alitaka mama yake ajione yuko nyumbani. Kumbe sindimba yenyewe imegeuka mdundiko!

"Tumekosea wapi?"

"Dada, nyie mnatembea. Mdundiko ni wetu Wazaramo. Ngoma tunazivaa shingoni, tunamsindikiza mwali mtaa kwa mtaa. Mmekulia humo, ndiyo maana miguu inaondoka yenyewe. Sindimba ni ya kwenu, Mtwara. Nimewahi kuishi Newala, nikaiona. Ngoma zinakaa mahali pamoja, watu wanazifuata hapo hapo. Vijana wakitoka jando na unyago, uwanja unajaa."

"Sasa tufanyeje?"

"Msiondoke mlipo. Kunjeni magoti kidogo. Ngoma ndogo ikiita, kiuno kiitike."

"Changu kimestaafu!" alilalamika Herieth, jirani.

"Kirudishe kazini, mama!"

Aliwaelekeza mpaka jioni. Mauwa akamuuliza wamshukuru vipi.

"Jumapili mpwa wangu, mwali, anatolewa nje kwa mdundiko. Waitikiaji wetu wa nyimbo wachache. Njoo utuitikie."

"Nitakuja."

Jumamosi, ngoma ndogo ilipoita, mama yake Mauwa alimtupia mtu mkoba wake, akaingia uwanjani.

"Nani kawafundisha hivi?"

"Mzaramo, mama!"

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, kiuno hakikusimama.

Jumapili asubuhi wajomba zake Jenipher wa Tabata walitaka sindimba ile ile ichezwe kwao siku hiyo hiyo, Mauwa akiongoza. Bibi angerudi Newala kesho yake alfajiri.

"Twende wote, mwanangu. Sijakushiba."

Mauwa alijisikia kulia. "Nimemwahidi yule kaka, mama."

Bibi alimtazama, akamfunga khanga vizuri kiunoni. "Basi nenda. Usiwaangushe."

Kati ya waitikiaji wa Kigamboni hakuna aliyemjua. Marijani aligeuka, ngoma shingoni, akamwona nyuma kabisa. Wimbo ukaanza. Mauwa akaitikia, mtaa baada ya mtaa, mpaka sauti ikamkauka.